Shimo la Chumvi na Mkaa Nyuma ya Nyumba ya Mama

Admin, naomba unifichie jina, na kijiji chetu usikitaje. Majina ya watu nimeyabadilisha. Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, nafundisha fizikia sekondari moja huku Runzewe. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake kijijini, ndani kidogo ukitokea Tinde. Naandika kwa sababu Jumapili inakuja na sijui nitafanya nini.

Mama ana macho mekundu. Ni moshi tu: kuni tangu akiwa msichana, na kibatari kila usiku. Msomaji wa mikoa mingine atapita hapo bila kushtuka. Wa kwetu atasimama, maana anajua mama mzee mwenye macho mekundu hutazamwaje: kama mchawi. Ndiyo maana nilijinyima mpaka nikamfungia sola: paneli juu ya bati, betri na inveta chumbani, taa za ndani na moja ya nje. Nilitaka macho yake yapumzike. Nilitaka pia mlango wake uwe na mwanga usiku.

Fundi alitoka mjini, Kambarage. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania asiondoke bila kuweka ethi, ule waya unaoshuka ardhini ili radi ikipiga nyumba ipitie huko. Akatafuta mahali penye unyevu, akapapata nyuma, maji ya bafu yanapotokea, kando ya uzio wa minyaa unaotutenganisha na jirani. Akachimba shimo, akasimamisha fimbo ya shaba, akamimina mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, akafukia. Ndivyo wanavyofanya, udongo wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri. Kisha akamwambia mama kwa heshima ya kwetu, "Mayu, kiangazi uwe unapamwagia maji hapa, pasikauke."

Mama akacheka. "Kumbe mmeniletea ndama wa kunywesha!"

Ng'ambo ya minyaa alikuwa amesimama Mama Shija, jirani na rafiki wa mama tangu sijazaliwa. Nikamsalimia shikamoo, akaniitikia kama mwanawe. "Marahaba, ng'wanone. Mnafukia nini hapo?"

"Ni mambo ya umeme tu, mama. Ni marefu."

Nawaeleza wanafunzi wangu jambo hilohilo kila mwaka, kwa michoro. Yeye sikumpa hata dakika moja.

Kiangazi chote mama alimwaga maji pale kila jioni, kwa utiifu, kama alivyoagizwa. Taa yake ilionekana mpaka barabarani. Watoto walikuja kusomea, watu wakachaji simu, Mama Shija naye akaleta ya kwake. Nikawa najiona nimemaliza kazi ya mtoto kwa mzazi.

Mvua za kwanza zilipoanza, radi ilimpiga Shija, mtoto wake wa kwanza, akiwa mbugani akirudisha ng'ombe. Alifia palepale. Nilimfahamu Shija tangu utotoni, alinifundisha kuendesha baiskeli.

Nilifika msibani siku ya maziko. Mama alikuwa amebeba ndoo ya maji na unga kama wanawake wengine. Unga ulirudishwa mlangoni kwetu. Ndoo ilikaa uani, watu wakachota za wenzake zote, ile ikabaki imejaa hadi jua linazama. Mama aliibeba tena kichwani, tukarudi nyumbani.

Kesho yake Mama Shija alisimama kwenye minyaa, nguo za msiba mwilini. Hakupiga kelele. "Mayu, tumelima pamoja, tumezika pamoja. Niliwaona mkifukia chumvi na mkaa upande wa kwangu. Nimekuona ukipanywesha kila jioni. Kwako radi haipigi. Ya kwako imeletwa kwangu."

Nilijaribu kueleza. Nilisema habari za shaba na chaji, mbele ya mwanamke ambaye kaburi la mtoto wake lilikuwa bado na udongo mbichi. Hata mimi nilijisikia kama naongea uongo.

Tangu hapo hakuna anayemsalimia mama. Kisimani wanampisha kama mgonjwa wa kuambukiza. Vijana wakipita na pikipiki wanapaza sauti, "Mama Radi! Tuwashie taa!" Polisi nimekwenda, wakasema watazungumza na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mwalimu, mimi nakuelewa. Lakini mimi ni mmoja, na sungusungu wanaolinda kijiji wameshakaa kikao. Jumapili baada ya ibada watakuja na majembe. Wakifukua wasikute kitu, mama yako amepona."

Tatizo ni kwamba watakuta kitu. Watakuta chumvi na mkaa, na fimbo ya shaba iliyosimamishwa kuelekea juu. Kila alichosema Mama Shija kimo humo. Nikiking'oa kabla hawajaja, udongo uliotifuliwa utanishtaki. Nikimchukua mama tukimbilie kwangu Runzewe, atakuwa amekiri, na nyumba itachomwa. Yeye mwenyewe hataki kuondoka. Anasema kaburi la baba haliwezi kubaki peke yake.

Wiki iliyopita nilimkuta amezima taa zote. Betri imejaa, yeye amekaa karibu na kibatari, anapangusa macho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ng'wanone, niambie ukweli mimi mama yako. Mlifukia nini pale?"

Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akawa anatikisa kichwa kukubali, kama wanafunzi wangu wasioelewa wanaosubiri kengele ilie.

Wasomaji, hasa wa kanda yetu, msinitukane na msiniambie kwamba ni ujinga wa vijijini. Hao ni watu wangu, na Shija amekufa kweli. Niambieni tu: Jumapili nishike jembe nifukue mwenyewe mbele yao, au nishike mkono wa mama tuondoke, wakati hata yeye ameanza kuniogopa?