Siku Mama Aliposhika Fimbo ya Gofu

Juzi kwenye simu nilimwona mwalimu wa gofu akimkemea mwanafunzi wake: "Usiupige mpira, zungusha fimbo!" Papo hapo nikakumbuka harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, na siku moja ya utotoni mwangu.

Asubuhi ya siku ile mama alikuwa amenichapa kwa kumwaga maziwa, nami nililia hadi majirani wakatoka nje. Mchana nikamfuata kwenye shamba la kahawa alikofanya kibarua, hapa Karatu. Tulimkuta mgeni mmoja wa loji ya watalii iliyo jirani akicheza gofu kwenye nyasi, akiwakaribisha vibarua wajaribu. Nyapara wa shamba, mwanamume wa miraba minne, alikunja mikono ya shati, akaguna, akaupiga mpira kwa hasira kama anayeua nyoka. Udongo uliruka. Mpira ulibingirika kidogo tu, ukatulia karibu na kiatu chake.

"Haya, Mama Paulina, nawe njoo upure maharage yako," alisema, na wenzake wakacheka.

Mama alikaza kanga kiunoni. Hakuguna. Aliinua fimbo taratibu hadi nyuma ya bega, akaiachia ishuke kwa uzito wake, vilevile alivyopura maharage kila msimu. Nikasikia fyuu, kisha ta! Mpira ukapaa juu ya kahawa, ukavuka miti ya kivuli, ukapotelea bondeni. Kicheko kilikatika.

Nilijiziba mdomo. Asubuhi nilidhani amenichapa kwa nguvu zake zote. Kumbe alikuwa akinipapasa tu.

"Paulina, twende nyumbani," aliniita.

Sikusubiri kuitwa mara ya pili.