Dawa Kwenye Ndoo ya Mbegu

Kwetu karibu na Birongo, mbegu ya maharagwe ilikuwa kazi ya wanawake tangu zamani. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kuichagua, kuianika, kuichanganya na majivu ili wadudu wasiikaribie, kisha kuiweka kwenye ndoo jikoni. Njaa ikibana, tunachota kidogo humo, tunaosha, tunapika. Majivu hayaui mtu.

Halafu kikaja kikundi cha kuzalisha mbegu ya kuuza. Wanaoitwa kwenye semina zake ni wenye mashamba, na kwetu mwenye shamba ni mume. Kupanda ni mimi, kupalilia ni mimi, kupura ni mimi. Semina ni yeye. Na mwanamume akitoka semina hurudi na kofia mpya na mdomo mzito, humuulizi kitu.

Mwaka jana, mvua zikikaribia, nilimwachia mama mkwe mtoto nikaenda kuchuma majani chai. Huku nyuma mume wangu akaitia mbegu dawa kama alivyofundishwa, akairudisha kwenye ndoo ileile, akaenda zake Masimba. Hakumwambia mtu. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kijivu.

Niliporudi nilikuta maharagwe ya kula yamekwisha. Nikachota nusu ya kopo la gorogoro kwenye ndoo. Maji ya kuoshea yakachafuka, kama siku zote. Maharagwe yalipoanza kuiva nikaonja punje chache, maana sijui kupika bila kuonja, kisha nikakaa kwenye kigoda nikamnyonyesha mtoto, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua.

Mume wangu aliingia, akaiona ndoo iko wazi.

"Umetoa wapi hii maharagwe?"

"Si hapo kwa ndoo."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimtazama mtoto kwenye titi langu, akasema polepole, "Hiyo nimeweka dawa."

Nilimtoa mtoto titini kwa nguvu hadi akalia. Nilijitia kidole kooni, yakatoka mate tu.

Pikipiki ilitufikisha kituo cha afya. Sista akauliza ni dawa gani, akimtazama mume wangu, kwa sababu hata mimi nilikuwa namtazama yeye.

"Ya unga," alisema. "Tulipimiwa kwa karatasi."

"Inaitwaje?"

Hakujua. Akampigia mwenyekiti wa kikundi, simu ilikuwa imezimwa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Muda wote nilidhani kuna jambo analijua akaninyima, kumbe hata yeye hakuwa nalo.

Sista akasema tukae hapo, amwangalie mtoto macho, mate na pumzi. Mtoto akasinzia. Ameshiba maziwa, amelia, lazima alale. Lakini kila akifumba macho nilimfinya unyayo afumbue.

"Mama, wacha alale," sista akaniambia.

Sikuweza. Nilimfinya mpaka unyayo ukawa mwekundu, na kila alipolia nilishukuru Mungu.

Jioni tuliruhusiwa. Sista alisema nilionja kidogo, na kuosha kulisaidia. Nyumbani tulimkuta mama mkwe ameyafukia yale maharagwe nyuma ya choo, pamoja na sufuria yake.

Kesho yake mume wangu alileta sanduku la bati na kufuli. "Sasa mko salama," alisema, na sina shaka alikuwa na nia njema. Mbegu niliyoichagua mimi ikaingia humo, ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

Juzi ameitwa semina tena. Amerudi na dawa nyingine, hii ni nyekundu, akaichanganya mlango umefungwa. Nikamuuliza inaitwaje.

"Iko sawa, mama watoto," akasema, akabana kufuli.

Wiki ijayo atanifungulia sanduku nikapande. Nitaishika mbegu hiyo kutwa nzima kwa mikono mitupu, mtoto akiwa mgongoni, na akilia njaa nitamnyonyesha hukohuko shambani.