Mama Hakuwa Stendi

Nina hasira na neno moja, nalo ni stendi. Nina hasira pia na kaka yangu, na muuza duka mmoja wa Bariadi mjini, na udongo wa kiwanja changu, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Lakini nianze na hilo neno, kwa sababu ndilo lililotangulia.

Kazi yangu ni kuwazungukia wakulima wa pamba. Leo niko Zagayu, kesho kutwa niko kwingine, na kote huko nakwenda kwa pikipiki yangu mwenyewe. Ni ile ndefu, ya njia mbaya, ambayo haikuja na stendi kubwa ya katikati. Ina mguu mmoja wa pembeni, upande wa kushoto, na ukiisimamisha inalala kidogo kama mtu anayesikiliza umbea. Wenye bodaboda wanakanyaga stendi kubwa, gurudumu la nyuma linaning'inia, mtu anapaka cheni oili huku anapiga stori. Yangu haina hiyo raha.

Kwa mafundi niliacha kwenda siku nilipopeleka pikipiki na cheni mpya niliyoinunua kwa mkono wangu, ikarudi nyumbani na cheni kuukuu iliyopakwa grisi ili ing'ae. Nilipouliza, fundi alicheka, akasema wanawake tunaona vitu. Basi nikajifunza. Kubadili oili, kukaza cheni, kuziba pancha, kusafisha plagi, yote nafanya mwenyewe uani kwangu, na spana ninazo. Kitu ambacho sikuwa nacho ni cha kuishikilia pikipiki wakati naifanyia kazi.

Kwa hiyo alishika mama. Mama anaishi na mimi tangu baba alipofariki. Alizaliwa upande wa Mwanhuzi, kwa watu wa ng'ombe, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kushika ndama wakati baba yake anakamua. Nilikuwa naita tu kutoka uani, "Mayu, njoo unishikie," naye anatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Mimi naiegemeza pikipiki kwenye ule mguu wake wa pembeni, nachomeka kipande cha mti chini ya fremu upande wa kulia, gurudumu la nyuma linanyanyuka. Mama anasimama mbele, ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka kila mara.

"Haya, kamua," anasema.

Nikimwambia asogee kidogo, asije akaumia, ananijibu, "Ndama haachiwi. Ukimwachia, anayekamua anapigwa teke." Nilikuwa nacheka na mimi. Sasa hivi nikikumbuka kicheko changu natamani kujizaba kibao.

Ndani nako pikipiki ilikuwa inamtesa. Usiku inalala sebuleni, maana nje haiachwi, na kwa vile inalala upande ilikuwa inaziba njia ya kwenda chumbani kwa mama. Alikuwa anapita kiubavu, ameshika kanga isinase kwenye klachi. Ule mguu mmoja ulikuwa umeshachimba shimo kwenye saruji. Alisema sebule yangu ni zizi la ng'ombe mmoja mwenye jeuri. Nikaona imetosha, natafuta stendi ya kuisimamisha wima, ya kuifanyia kazi mchana na kuiwekea ndani usiku.

Nilianzia dukani. Mjini kuna duka la vipuri lililokuwa limetundika stendi nyekundu, ya bomba, yenye vigurudumu viwili. Unaisukuma nyuma ya pikipiki, unabonyeza mpini chini, gurudumu la nyuma linapanda. Nilikuwa naigeuzageuza muuza duka alipokuja.

"Dada, hiyo ya gereji. Mwambie shemeji aje aione."

"Shemeji hana pikipiki. Mwenye pikipiki ni mimi."

"Sasa stendi ya nini? Si shemeji atakushikia?"

Nilimuuliza kama yeye mizani yake hapo dukani anashikiwa na mke wake. Wateja wawili walicheka, yeye hakucheka. Lakini niseme kweli, hata angekuwa na adabu nisingeinunua. Vile vigurudumu vilikuwa vidogo kama vifuniko vya chupa ya chai, vinataka sakafu ngumu na laini. Kiwanja changu ni mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na mvua ikinyesha unavua watu viatu. Stendi ile ingezama na pikipiki juu yake. Nikaondoka nikiwa na hasira na jamaa, na hasira zaidi kwa kuwa sikupata nilichofuata.

Ndipo nikampigia simu kaka yangu mkubwa. Yeye anaishi Nyalikungu, anafahamiana na kila mtu mwenye duka na kila mtu mwenye karakana. Maneno yangu nayakumbuka yote, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno.

"Kaka, nitafutie stendi ya pikipiki. Nimechoka kuhangaika nayo hapa nyumbani."

Akasema kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea, "Umefikiria vizuri, mdogo wangu. Niachie hiyo kazi."

Siku tatu baadaye akapiga. "Imepatikana nzuri. Imetulia."

"Haiyumbi?"

"Iyumbe wapi? Ina miaka mingi ile."

"Naona bora mpya."

"Mpya zina ugomvi. Hii hii. Jumapili nakuja kuichukua pikipiki waione kwanza."

Nikadhani wanataka kuipima urefu. Kweli kabisa, mtu mzima mimi, nikasikia stendi yenye ugomvi na sikushtuka. Nilimwambia mama, "Vumilia, Jumapili unapumzika." Akasema, "Wabeja, ng'wana wane," akashukuru kwa Kisukuma kama ananishukuru kwa nyumba.

Jumapili haikufika salama. Ijumaa cheni ilikuwa imelegea hadi inagonga, na Jumamosi asubuhi nilikuwa na mkutano wa wakulima Zagayu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, ikakatika adhuhuri. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kuahirisha, wakulima wangenielewa, wao ndio wanaoijua hiyo njia. Nikaita, "Mayu, njoo unishikie mara ya mwisho."

Chini ya mguu wa pikipiki niliweka jiwe bapa. Nilichuchumaa upande wa kushoto, ilipo cheni, nikaweka spana kwenye nati ya ekseli. Ilikuwa imekaza. Nikavuta kwa nguvu zote. Jiwe likazama kwenye ule udongo, nikaona tangi linanijia usoni.

Mtu yeyote wa kawaida angeachia. Unaachia, unaruka nyuma, pikipiki inaanguka na mwenye kuchuchumaa anajua pa kukimbilia. Mama hakuachia. Alivuta usukani kuelekea kwake kwa nguvu zake zote, anakemea kwa Kisukuma kama anavyokemea ng'ombe, na pikipiki ikageuka ikamfuata yeye. Mimi nilibaki nimekaa kwenye tope, mzima, na spana mkononi. Yeye alikuwa chini, kifundo cha mguu kimebanwa na usukani, na mikono yote miwili bado imeshika.

"Imekupata?" akaniuliza. Ndilo neno lake la kwanza.

Hospitali walimfunga plasta na kumlaza. Nilimpigia kaka jioni ile na kesho yake, simu haipatikani. Jumapili nilirudi nyumbani kuchukua uji, nikamkuta uani kwangu, amevaa shati la kanisani, na pembeni yake mwanamume wa makamo mwenye helmeti na kizibao cha kung'aa.

"Stendi ndiyo hiyo tayari," kaka akasema. "Ya mbele ya soko. Viongozi wamekubali, wanataka waione pikipiki tu. Na huyu ndiye dereva. Mtu mzima, hanywi pombe."

Yule mwanamume akainama kidogo kwa heshima. "Pole na majukumu, dada. Nitaitunza."

Ilinichukua muda kuelewa. Kaka alikuwa amenitafutia kijiwe. Stendi ya bodaboda. Alikwenda kuzungumza na wenyewe, akaomba nafasi, akatafuta dereva, juma zima anahangaika kwa moyo wake wote kuiondoa pikipiki mikononi mwangu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Stendi ya chuma! Ya kuinulia! Chuma, kaka!"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Sasa si ungesema jeki?"

Nilimtukana. Kaka yangu mkubwa, mtu aliyesimama mahali pa baba, nilimtukana mbele ya mgeni, na sijaomba radhi mpaka leo. Dereva wa watu aliondoka kwa miguu bila kuaga. Kaka alikaa kwenye ngazi ya mlango, akauliza, "Mama yuko wapi?" nikamwambia. Alilia. Machozi yake hayakunipunguzia kitu.

Watu wananiambia lilikuwa kosa la neno tu. Hapana. Tangu siku nilipoinunua ile pikipiki kaka alikuwa anasema mwanamke kupanda pikipiki kwenda vijijini ni aibu ya ukoo, nimpe mtu aiendeshe, mimi nikae nipokee hesabu. Niliposema stendi alisikia kile alichokuwa anakisubiri. Na mimi, aliposema imetulia, nilisikia changu. Katikati yetu alikuwepo mama anashika usukani, na hakuna aliyemuuliza mikono yake ina hali gani.

Juma lililofuata nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, jirani na soko la mahindi. Neno stendi sikulitamka. Nilimwambia, "Nataka meza fupi ya chuma, ya kuibeba pikipiki kwenye tumbo la injini. Ina kanyagio refu pembeni. Nikikanyaga, inapanda, magurudumu yote mawili yanaacha ardhi." Nilikuwa nimepima kwa futi kutoka chini mpaka kwenye injini, na upana wa fremu, nimeandika kwenye kiganja.

Fundi alichora kwa chaki chini, miguu minne myembamba. Nikafuta kwa kiatu.

"Kila mguu uwe na bamba pana chini. Kwangu ni mbuga."

"Itakuwa nzito, mama."

"Iwe nzito. Na juu weka kipande cha tairi isiteleze. Na hilo kanyagio lirefushe, nataka kuinua peke yangu. Peke yangu, umesikia?"

Nadhani nililirudia hilo neno mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa sababu aliacha chaki akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna msiba. Nikamwambia achomelee tu.

Ni stendi nzuri. Nasema hivi kwa uchungu. Ilikuwa kazi ya siku mbili, kwa vyuma vilivyokuwa vimelala nyuma ya karakana yake muda wote ule mama alipokuwa anashika. Uani haizami. Sebuleni pikipiki inasimama wima kabisa, na kati yake na ukuta kuna nafasi ya mtu kupita kifua mbele. Mama aliporudi na magongo yake, njia ilikuwa inatosha magongo na yeye. Mfupa umeunga, lakini kifundo hakikunjiki tena, na shamba lake la mpunga ameshaliacha. Sasa anatembelea fimbo.

Mara ya kwanza kuitumia uani nilisubiri alale mchana, nisimwite, asione. Nilisukuma ile meza chini ya injini, nikakanyaga. Pikipiki ikapanda, ikatulia hewani. Nikalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, likazunguka lenyewe, cheni inalia taratibu. Nikachuchumaa na brashi.

Nikasikia fimbo kwenye saruji, halafu kwenye udongo. Mama alikuwa amesikia cheni. Alikuja mpaka mbele, akaegemeza fimbo kwenye tangi, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Achia, mayu," nikamwambia. "Inasimama yenyewe."

"Inasimama?"

"Inasimama. Itikise uone."

Akaitikisa. Haikuyumba. Akaitikisa tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba anataka iyumbe. Kisha akaangalia lile bamba la chuma chini, akaangalia mguu wake.

"Kwa hiyo hivi vitu vipo," akasema. "Vinatengenezwa hapa hapa Bariadi."

"Vipo, mayu."

Nilisafisha cheni yote, nikaipaka oili, nikaikaza, na mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.