Kanuni Ambazo Togar Hakuzisoma

Togar Sitorus, mlinzi wa mtandao wa hospitali ya misheni pale mjini Balige, hakuwahi kuiamini programu yake ya kuandika kanuni za mtandao. Mashine za ndani zina anwani ambazo dunia haizijui. Mtu wa nje hubisha kwenye anwani moja tu, ya ukuta wa mtandao unaochuja wanaoingia, nao ukuta ndio unaobadili anwani na kumpitisha. Kila alipotaka kumfungulia mtu njia, Togar alichora mshale kwenye skrini, na programu ikaandika kanuni zote. Alizisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza kama anayesali, ndipo akaziruhusu zifanye kazi.

Siku ya kumzika mama mkwe wake, Mungu amlaze pema, daktari mmoja wa mji wa Medan alitaka kuona picha za eksirei za hospitali akiwa kwake. Ngoma za msiba zilianza Togar angali ofisini, na kwetu mkwe ndiye mwandazi ukweni. Shemeji yake Poltak akapiga simu.

"Shemeji, nguruwe kaiva, mkwe haonekani! Tupakuliwe na kompyuta?"

"Nakuja, kaka."

"Wajomba wa marehemu wamekaa mikono mitupu. Unataka tutukanwe mbele ya jeneza?"

Togar akamaliza mshale wa daktari, akaziruhusu kanuni bila kuzisoma, akakimbia.

Alikuwa amebeba sinia la nyama alipokumbuka. Pale pa kutaja nani aruhusiwe kubisha, hakuandika anwani ya daktari. Programu ikikuta patupu haiulizi. Huandika "yeyote", kisha huongeza yenyewe kanuni ya kumfungulia. Akampigia nesi Rotua, aliyekuwa zamu hospitalini.

"Afadhali umepiga, kaka Togar. Kishale kinatembea kwenye skrini, na mimi sijagusa kitu."

Togar akaweka sinia chini. Poltak akamshika mkono.

"Ukiwaacha wajomba hivi, usimwite tena mama yangu mama."

"Nisamehe, shemeji." Akatoka.

Alipofika hospitalini aling'oa waya wa nje. Majina ya wagonjwa yalikuwa yamegeuka herufi zisizosomeka, na bado yaliendelea kugeuka, moja baada ya jingine.

"Si umeshang'oa?" Rotua akauliza.

"Nimeng'oa. Kirusi kilishaingia."

Togar akaanza kuzima mashine. Rotua akavua kandambili, akakimbilia chumba cha upasuaji kumwambia mpasuaji asishike kisu: picha ya eksirei ya mgonjwa aliyelazwa mezani nayo haikuwapo tena.