Kiti Nilichogeuza Kwenye Harusi ya Furaha

Mwenye kucheka acheke sasa hivi, mwanzoni, ili tukifika katikati twende pamoja bila muntu kushika mbavu: mimi Zaina, koko, njo kusema bibi, ya watu wengi wa Mikelenge hapa Kindu, nilianguka chali mbele ya wakwe, miguu juu, kikwembe kimefunguka mpaka jupon, sketi ya ndani, ikaonekana (ile ya zamani, yenye kiraka), na muntu aliyenikamata mukono kuniinua njo yule niliyeapa miaka yote kwamba hata kivuli chake hakitanigusa.

Muntu huyo anaitwa Asani Kamango. Ni mwimbaji. Wakati wa vita, waasi walipokuwa wameshika Kindu, treni ilikuwa haifiki tena, chumvi tulikuwa tunaipima kwa kijiko kama dawa, na siku moja kamanda wao akaita watu wote kwenye uwanja wa mupira (jina lake nalijua, mimi majina yote nayajua, lakini lake sitaliandika, asije akafurahi). Asani alikuwa kijana mwembamba, shati imepasuka mugongoni, na gitaa ya nyuzi tatu. Akaimba kwamba kamanda njo jua la Maniema. Jua. Na sisi tulikuwa tunalala porini kwa kuogopa hilo jua.

Vita vikaisha, kamanda akaenda zake, na Asani akabaki, akaendelea kuimba. Kila kura ikifika anaimbia muntu wake, na kila mara muntu wake njo jua. Hapa kwetu tumekuwa na majua mengi, ajabu nguo hazikauki.

Basi mimi nikasema imetosha. Nilikuwa mukubwa wa musiki wetu wa wamama, ule wa kusaidiana kwa harusi na matanga, na jina lake ni Tusameheane (nimewaambia mucheke mwanzoni). Nikasimama mbele ya wenzangu nikatoa sheria: pale Asani anapoimba, mwanamuke wa Tusameheane hachezi, hapigi vigelegele, hatikisi hata bega. Mama Asha Binti Omari akapiga makofi. Mama Kapinga Veronika akasema njo hivyo. Na mimi nikaishika ile sheria kuliko wote. Siku moja niliingia kwa jirani yangu Papa Mukwanga nikafunga redio yake kwa sababu Asani alikuwa anaimba, na kumbe Papa Mukwanga alikuwa anangojea matangazo ya vifo yanayokuja nyuma ya wimbo, akakosa matanga ya muyomba wake. Mupaka leo ananiita Mama Redio.

Katika musiki wetu iko mwanamuke mumoja tu aliyekuwa na sababu ya kweli, Mama Feza Mwamini. Siku ile ya uwanja, mume wake Kasongo Yuma alikataa kwenda kusikiliza, wakamufuata nyumbani wakamuchukua, hakurudi. Mama Feza hakuwahi kutoa sheria yoyote. Asani akianza kuimba mahali, yeye anachukua kikapu chake, anasema kwaheri, anaenda kwake. Basi. Mimi njo nilikuwa napiga kelele kwa jina lake, na yeye hakunituma.

Sasa harusi. Furaha ni mujukuu wangu, nimemulea mimi tangu mama yake, mutoto wangu Mariamu, alipokufa. Akapata muchumba, Trezori, mutoto muzuri, watu wa Lokandu. Siku chache mbele ya harusi wakwe wakatuma habari: chakula wamepanga, bashi ya kufunika lupango, uwanja wa nyumba, iko, muziki pia iko, ataimba Asani Kamango, maana mama yake ni wa ukoo wao na hawezi kukosa harusi ya ndugu yake. Nikasema harusi njema, mimi nitakaa nyumbani.

Furaha akaja akanikuta nachambua muchele. Akakaa chini karibu na lungo yangu.

"Koko," akasema, "samaki ya Papa Ramazani tunakula?"

"Tunakula."

"Na yeye si alivushaga wale askari na mutumbwi wake?"

"Alishikiwa bunduki."

"Na Asani alishikiwa nini, maua?"

Nikatafuta jiwe ndani ya muchele, sikulipata.

"Wewe usipokuja," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, "shangazi yake Trezori atasema nyumba yetu inawazarau. Nyinyi mutarudi kwenu. Mimi njo nitabaki kuishi nao."

Hapo alinishika pabaya. Nikamuahidi: nitakuja, nitakaa, sitatoka, sitafungua mudomo. Akanibusu kwenye paji. Na ni kweli, ahadi yote niliishika, hakuna neno moja nililovunja. Kiti tu njo hatukukizungumza.

Siku ya harusi mvua ilinyesha asubuhi, muchana ikaacha, ardhi ya lupango ikabaki laini kama bugali ambayo haijaiva. Walipanga viti vya plastiki upande huu na upande huu, sisi huku, wakwe kule, bibi na bwana harusi mbele kwenye meza yao yenye maua, na Asani pembeni yao na mabafle mawili ya kukuza sauti. Wamama wa Tusameheane tulikuwa kumi na mbili, wote kikwembe kimoja, cha ndege wa kijani. Mama Feza alikaa mwisho wa musitari, kikapu kwenye magoti.

Asani akaanza. (Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, lakini sauti, nisiseme uongo, sauti ni ile ile.) Ulikuwa wimbo wa harusi tu, hakuna jua ndani. Lakini mimi nikasikia macho ya Mama Asha shavuni kwangu, ya Mama Kapinga kwenye shingo, wanangojea kuona mukubwa wao atafanya nini. Kutoka siwezi, nimeahidi. Kusema siwezi, nimeahidi. Basi nikakamata kiti changu kwa chini, nikakigeuza kidogo, kidogo tu, kama muntu anayekwepa moshi.

Mama Asha akaona. Yeye hajui kidogo. Akageuza chake chote, mugongo kwa muziki. Mama Kapinga akafuata, na Mama Bernadeta, na Mama Sakina, na ile plastiki ikawa inalia kerr, kerr, kerr mpaka musitari wote ukageuka, na mimi mukubwa siwezi tena kubaki nimekaa upande kama kaa, nikamalizia na changu. Mama Feza peke yake hakugeuza: kwa ajili ya Furaha alivumilia wimbo ule mumoja, macho kwenye kikapu chake. Wakwe wakabaki wanaangalia migongo yetu na ndege wetu wa kijani.

Shangazi ya Trezori, Mama Kalonda, mwanamuke mukubwa mwenye sauti ya kuvuka Lualaba, akamuuliza yule wa protokole, muongoza harusi, Papa Deodone: hii ni nini, tumewakosea nini hawa watu, na huyu binti yao naye atatugeuzia mugongo nyumbani? Nilisikia yote. Furaha pia alisikia. Papa Deodone ni muntu asiyependa harusi iharibike mikononi mwake; akachukua mikro, akacheka kidogo, akatangaza kwamba wageni wasishangae, hii ni desturi ya zamani sana ya upande wa bibi harusi, wamama wanageuka ili machozi ya kumupoteza mutoto wao yasiwaangukie wakwe.

Muongo yule. Lakini muongo wa maana. Mama Kalonda akasema aa, kumbe. Na kwa sababu watu wa Lokandu hawakubali kushindwa kwa heshima, akaamuru upande wake nao wageuke, wasiangalie machozi ya wakwe. Kerr, kerr, kerr. Harusi yote ikawa imekaa imepeana migongo. Bibi na bwana harusi walikuwa wanaangalia visogo vyetu. Wasichana wa kugawa chakula wakapita katikati na sahani za wali na kuku, wakatafuta mikono, wakakuta vichwa.

Na mbele yangu mimi, muniulize iko nini. Choo. Choo ya lupango, mulango wake wa gunia, na katika kuiangalia ile gunia inafunguka anatoka Papa Ramazani wa samaki, anafunga mukanda. Tukaangaliana. Akanisalimia kwa jina. Nikamuitikia, maana ningefanya nini.

Hapo muntu mwenye akili angegeuza kiti. Lakini nikikigeuza mimi, Mama Asha atasema nimeshindwa na wimbo, basi nikabaki, namuombea kila muntu asiwe na haja ya choo.

Mwisho Papa Deodone akaita, macho kwenye karatasi yake: sasa koko wa bibi harusi aje atoe baraka. Nikajaribu kusimama. Kumbe miguu ya nyuma ya kiti ilikuwa inazama polepole wakati wote huo, na mimi naegemea kwa kiburi. Nikasukuma, kiti kikakataa, ardhi ikakiachia kwa upande mumoja, muguu wa plastiki ukajikunja kama wa chura, na mimi nikaenda nyuma na ndege wangu wote wa kijani.

Na hapa njo mufikiri vizuri. Watu zaidi ya mia moja walikuwa katika lupango ile, na hakuna aliyeniona naanguka. Wote, kuacha Mama Feza na kikapu chake, walikuwa wamegeuza migongo kwa kunifuata mimi. Mbele walikuwa wanaangalia watatu tu: Furaha, Trezori, na Asani. Furaha amefungwa na nguo ya harusi na meza. Asani njo alifika wa kwanza, mikro bado mukononi, inawaka.

Akaniinua, akaniangalia usoni, akasema polepole, kama muntu anayeongea peke yake, na mabafle yote mawili yakasema naye:

"Kumbe Mama Zaina wa Tusameheane ni wewe. Mama yangu wa chumvi."

Nikamuambia nyamaza. Hilo nalo mabafle yakalisema. Nikaongeza, nyamaza, baba, watu wanasikia, na kweli walikuwa wanasikia, mpaka kule barabarani.

"Nimekutafuta kukushukuru," akasema. "Ile kitambaa chako mama yangu alikitunza mupaka kufa."

Kerr, kerr, kerr. Sasa viti vyote vikageuka tena, vikatuangalia. Mama Asha, ambaye miaka ile alikuwa amekimbilia Obokote na hakuona ya uwanjani, akauliza: chumvi gani?

Basi nitawaambia kama nilivyowaambia wao, na matope mugongoni. Siku ile ya uwanja walisema wanamuke watakaocheza mbele watapewa chumvi. Watoto walikuwa wamechoka na sombe, majani ya muhogo yasiyo na chumvi, Mariamu alikuwa anasukuma sahani. Nikaenda. Sikukaa nyuma, sikujificha, nilicheza musitari wa kwanza, nikalizungusha lile jua la Maniema kwa kiuno changu chote. Wakatumwagia chumvi mikononi. Asani naye njo hivyo walimulipa, lakini yule mutoto hakuwa na kitu cha kuitia, shati ni matundu matupu, anasimama na chumvi kwenye viganja na mvua inakaribia. Nikafungua kitambaa cha kichwa, nikakipasua vipande viwili, nikamufungia yake, nikafunga yangu, tukaachana. Halafu nikarudi nyumbani, na miaka ikapita, na nikaanza kumuchukia kwa sauti kubwa.

Nikaomba ile mikro. Nikasema wakwe, musidanganyike, hakuna desturi ya kugeuza viti kwetu, ni kiburi cha muntu mumoja, na huyu binti hana kiburi, mimi sikumufundisha, nilikuwa nimekimaliza chote. Nikasema: chumvi ya kuimba na chumvi ya kucheza ilitoka gunia moja. Mama Kalonda akaniangalia, kiraka changu na matope yangu, halafu akaanza kucheka, kicheko cha kuvuka muto, akaja akanipangusa mugongo kwa kikwembe chake mwenyewe. Nikamuona Furaha anapumua.

Mama Feza alikuwa amesimama, kikapu mukononi, maana Asani alikuwa anarudi kwenye gitaa. Akapita kwangu, akainama sikioni. Sikungojea anisamehe, nilingojea anitukane.

"Nilijua, Zaina," akasema. "Jioni ile waliyomuchukua Kasongo uliniletea vijiko viwili vya chumvi. Ulifikiri nilifikiri imetoka wapi?"

Nikamuuliza mbona aliniacha nipige kelele miaka yote hii.

"Ulikuwa unanichekesha," akasema, akanigusa bega, akaenda kwake kama kawaida yake. Na hakuna muntu aliyemufuata, na hakuna aliyemuzuia. Ule ni mugongo wake, ameulipia. Wangu ulikuwa wa kuazima.

Nikatoa baraka, Asani akaimba, nikacheza. Kidogo.

Tangu siku ile, ile sheria tumeiondoa. Wa Tusameheane asiyetaka kumusikiliza Asani anachukua kikapu chake, bila kukokota fanicha. (Kura ikija nitamuambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba jua lake silitaki.) Na redio ya Papa Mukwanga siigusi.

Lakini juzi nilialikwa harusi ya watu wa Lokandu. Muziki ikaanza, na mara nikasikia kerr, kerr, kerr. Shangazi wote, pamoja na Mama Kalonda, wamegeuza viti. Nikamuuliza binti aliyekaa karibu yangu, asiyenijua, hii ni nini. Akanihurumia, akanieleza taratibu kwamba ni desturi ya heshima, koko, ya zamani sana, imetoka kwa watu wa Kindu.

Nikamushukuru. Nikatingisha kiti changu kuona kama ardhi ni ngumu, nikabaki nimekaa peke yangu, uso mbele.