Mchicha wa Mama Jeanine

Leo nimemkaripia mama wa watu, kisha nikatamani ardhi inimeze.

Mimi ni nesi wa lishe katika kambi ya wakimbizi huku Ngara. Jeanine, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, amepungua uzito tena.

Nikamwambia mama yake, "Afya ya mtoto ni jukumu lako. Ugali na maharage kila siku havitoshi. Mbona humpi mboga?"

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya hema lao.

Mchicha ulikuwa umelala chini, mizizi juu.

"Nilipanda, muganga. Walinzi wameung'oa asubuhi. Wanasema mkimbizi haruhusiwi kulima. Sokoni nako hatuendi bila kibali. Sasa hiyo mboga niitoe wapi?"

Jamani, nilikosa pa kuficha uso. (Nimekulia Ngara hii hii. Kwetu mchicha unaota hata jalalani!)

Nikamwomba radhi. Tukaongozana hadi kwa mkuu wa kambi, Jeanine mgongoni.

"Sheria siyo yangu," akasema mkuu.

"Basi niambie, bosi, akina mama hawa niwafundishe nini?"

Akamtazama mtoto. Kisha akasema, "Pandeni kwenye viroba, kila hema kimoja; hilo siyo shamba. Wakubwa wakiuliza, nitajibu mimi."

Jioni hii nimejaza udongo kiroba cha kwanza kwa mikono yangu. Mama Jeanine ameokota ule mchicha ulionyauka, akaupika, akamlisha mwanawe.

Kijiko cha tatu, Jeanine alipanua mdomo kabla hakijafika.

Manesi wenzangu, mmewahi kumlaumu mtu kwa kosa lisilo lake? Semeni, nisijione niko peke yangu.