Picha ya Eliya Akiendesha Baiskeli

Nilitoka Bukoba kwa meli hadi Mwanza, nikapanda lori hadi Arusha, kisha treni hadi Tanga. Nilifika nimejaa vumbi, nikaenda kuomba kazi katika studio ya picha. Mwenye studio, Mhindi tuliyemwita Tajiri, alinitazama akacheka: "Kijana, kwanza oga. Lenzi zangu zina thamani kuliko wewe."

Siku hiyohiyo akanionyesha kamera mbili. Kubwa, ya miguu mitatu, ilitoa picha laini, lakini ilitaka mwanga mwingi na mtu aliyetulia. Ndogo ilikuwa na lenzi yenye tundu pana, ikifumba na kufumbua upesi. Tuliitilia filamu kali, yaani isiyohitaji mwanga mwingi, nayo huleta chenga kama za mchele kwenye picha.

Mwaka wa pili akaja Mzee Zakaria, mkulima wa Lushoto. Mwanawe Eliya alikuwa ameumizwa mguu na mashine ya mkonge, akapona.

"Shikamoo, mzee. Tumpige amekaa?"

"Marahaba. Amekaa wapi! Mama yake yu kitandani Lushoto, ameambiwa mguu umekatwa, na kazini Eliya hapewi ruhusa ya kwenda. Akiona kiti atasema tunamficha ukweli. Nataka aonekane anakanyaga pedeli."

Eliya alikuwa akishindana na wenzake wa mkonge kwa baiskeli. Walianza baada ya kazi, wakafika mjini, mtaa wa Chumbageni, giza likiingia. Nikachagua kamera ndogo, nikamfuata nayo alivyopita. Uso ulitoka, na miguu yote miwili.

Tajiri aliinua picha ile dirishani. "Hii picha au uji wa mtama? Haitoki na mhuri wangu." Akaifungia katika mtoto wa meza. Mashindano yaliyofuata akaenda mwenyewe na kamera kubwa. Eliya akatoka kama moshi.

Kabla hatujajaribu tena, Mzee Zakaria alirudi. Mkewe alikuwa amezikwa.

Tajiri akafungua mtoto wa meza, akampa ile ya chenga. Mzee akaisogeza kwenye mwanga.

"Mbona ni yeye kabisa," alisema. "Na mama yake macho yalishaingia ukungu. Hizi chenga asingeziona."

Tangu hapo nimepiga picha katika miji mingi, na kabla ya kuchagua kamera huuliza kwanza nani ataitazama picha. Tanga sikuiweza tena. Siku niliyoondoka, Tajiri alinisindikiza stesheni, jambo asilolifanya kwa fundi yeyote. Treni ilipoanza kusogea, akanipitishia ile kamera ndogo dirishani.

"Ichukue," alisema. "Mimi, tangu msiba ule, siwezi kuishika."